Mashabiki wa Mwaloni

Shimba alikwenda Buzuruga kutafuta waya wa breki. Ndivyo alivyomwambia dada yake, na ilikuwa nusu ya kweli. Uzi mwembamba wa gitaa lake ulikuwa umekatika asubuhi, na kwa kijana wa miaka kumi na saba asiye na kitu mfukoni, unyuzi mmoja uliochomolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli unatosha kabisa. Unalialia, ndiyo. Lakini Shimba alikuwa anapiga bluzi, aliyojifunza kwenye simu kwa kurudia na kurudia mpaka majirani wakamchukia. Bluzi haina ugomvi na kulia.

Nusu ya pili ya kweli hakumwambia mtu.

Jioni ile kulikuwa na mashindano huko Igombe, ufukweni. Bwana Alexander, mwenye baa, alikuwa ametangaza kwamba bendi mbili zitapiga kwa wakati mmoja kwenye kiwanja kimoja. Itakayovuta watu wengi zaidi, hiyo imepata kazi ya kila Jumamosi kwa mwaka mzima. Ndivyo Wasukuma walivyoshindana kwa ngoma tangu enzi, kundi la Bagika huku na la Bagalu kule, na watu wenyewe wanaamua kwa miguu yao.

Shimba aliitaka kazi hiyo kuliko chakula. Mama yake, Teodora, alikuwa akigeuza dagaa mchangani pale mwaloni, wavuvi wanaposhushia samaki, tangu alfajiri, na kifua kilikuwa kinammaliza. Daktari alishasema aache maji na baridi, la sivyo watamzika. Sasa aache, wale nini? Shimba na dada yake Sabina, aliyekuwa mwimbaji wa bendi yao, walikuwa wameapa kwamba wakiipata kazi ile, mama hakanyagi tena mwaloni.

Tatizo lilikuwa wapinzani. Bendi ya Mihayo ilikuwa na kinanda, wacheza shoo, na nyimbo ambazo hata kasuku anazijua. Bluzi nani anaijua Igombe? Hata wewe unayesoma, usinidanganye.

Mzee Machibya alikuwa anaziba pancha kando ya stendi pale Buzuruga. Kabla ya baiskeli alikuwa manju, kiongozi wa ngoma, na inasemekana akianza kuimba watu waliacha majembe shambani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Waya huo hapo. Haya, sema na lile lingine, maana macho yako hayaangalii waya."

Shimba aliuchukua waya. "Ile dawa ya kuita watu... bado unayo?"

"Nani kakwambia?"

"Mama."

"Mama yako ana mdomo." Mzee aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Akafungua boksi la spana na kutoa kifurushi kidogo cha mpira wa tyubu. Ndani mlikuwa na kitu cheusi chenye mafuta, kinanuka moshi. "Sikiliza, sirudii. Unapaka kwenye tundu la gitaa. Kisha unaelekeza tundu upande unaotaka watu watoke. Unapiga. Ukimaliza, unawaaga kwa mdomo wako mwenyewe, tundu likiwa limeelekea kule kule. Linapoelekea, ndiyo njia yao ya kwenda. Umenielewa?"

"Basi?"

"Basi. Kwani ulitaka na barua?"

Alifika Igombe jua likiwa linazama. Majukwaa mawili yalikuwa yamepeana mgongo katikati ya kiwanja, moja linaangalia barabara na kijiji, jingine linaangalia ziwa. Kura ilikuwa imeshapigwa. Mihayo kapata barabara.

"Tumekwisha," alisema Seif, mpiga ngoma wao, kijana wa mjini asiyejua kukaa kimya. "Sisi tutawapigia samaki."

Shimba alikaa nyuma ya jukwaa na kifurushi chake akifikiri. Watu wa barabarani walikuwa wa Mihayo tayari. Lakini Bwana Alexander alikuwa ametangaza kwamba mitumbwi miwili mikubwa italeta mashabiki kutoka visiwani. Watatua hapa hapa, mbele yake. Basi watu wake watatoka ziwani! Alifikiri vizuri tu, masikini, na ndicho kinachoniuma mimi ninayesimulia.

Akapaka dawa. Akapanda jukwaani. Akaelekeza tundu la gitaa kwenye maji.

Wimbo wa kwanza waliwapigia mbwa mmoja na mama mmoja muuza mihogo. Nyuma yao kule kwa Mihayo vilikuwa vifijo vitupu. Mitumbwi haikuonekana. Baadaye ilijulikana kwamba upepo uliirudisha ilikotoka.

Wimbo wa pili, mbwa akasimama. Akaangalia maji. Akafyata mkia na kuondoka bila kubweka, na yule mama wa mihogo akajitwisha beseni lake akamfuata.

Ndipo ikaja harufu.

Si ya dagaa. Ya dagaa walizaliwa nayo. Hii ilikuwa ya tope la chini kabisa, la pale ambapo jua halifiki, pamoja na nguo iliyosahaulika kwenye maji.

"Watu hao!" Seif alinong'ona kwa furaha. "Oya, watu hao, kaka!"

Kweli. Nje kidogo ya mwanga wa taa, pale maji yanapogusa mchanga, walikuwa wamesimama watu. Kumi. Ishirini. Shimba moyo ukampasuka kwa furaha, akavuta uzi wa waya ukalia mpaka mwisho. Wimbo ukaisha.

Hakuna aliyepiga makofi.

Walisogea hatua moja. Wote. Kwa pamoja.

Akaanza wa tatu, wakasimama. Wakawa wanayumba polepole, huku na huku, kama magugumaji. Wimbo ulipoisha... hatua nyingine. Sasa walikuwa wengi, hamsini au zaidi, na nyuma yao wengine walikuwa bado wanatoka. Wanatoka wapi? Mitumbwi haikuwepo. Shimba aliuliza moyoni na hakutaka kujibiwa.

Bwana Alexander alikuja kwa pembeni na tochi, akicheka. "Vijana! Mmemfunika Mihayo! Watu wote hawa mmewatoa wa..."

Alimulika miguu yao. Wote walikuwa pekupeku. Wote walikuwa wanachuruzika maji, na mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu. Akapandisha tochi mpaka kwenye uso wa mmoja. Sijui aliona nini. Tochi ilimponyoka, na aliposogea kwenye sikio la Shimba meno yalikuwa yanagongana.

"Endelea kupiga," alinong'ona. "Usiache. Huyo... huyo alizama ziwani. Nilichangia matanga yake."

Akaondoka kinyumenyume.

Bendi ilikuwa na nyimbo saba. Saba tu, jamani, walikuwa watoto. Shimba alizivuta kadiri alivyoweza, akarudia beti, akarudia viitikio, damu ikaanza kumtoka kidoleni kwenye ule waya. Wa nne. Hatua. Wa tano. Hatua. Seif alikuwa anapiga ngoma macho kayafumba, midomo inasoma dua.

Katikati ya wimbo wa sita, Sabina akanyamaza.

"Imba," Shimba alisema kwa meno.

"Shimba. Yule wa pembeni."

"Imba, dada!"

"Mwenye koti la njano. Muangalie mkono."

Hakutaka kuangalia. Akaangalia. Alikuwa mtu mrefu, kavaa koti la mvua la wavuvi, kichwa kimeinama. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kinapiga paja, taratibu, kikiuwahi mdundo kidogo. Kidogo tu. Kuna mtu mmoja duniani aliyekuwa anauwahi mdundo namna ile, na walimcheka kwa hilo tangu wakiwa wadogo. Baba yao, Yakobo, alikwenda kuvua dagaa usiku wa giza miaka minne iliyopita. Mtumbwi ulipatikana. Yeye hakupatikana. Walizika shati lake.

"Ni baba," Sabina alisema, na machozi yakamtoka huku anatabasamu. Akainua mguu kushuka.

Shimba alimkanyaga gauni. Hakuwa na mkono wa kumshikia, mikono yote ilikuwa kwenye gitaa. "Ukishuka tumekufa sote," alinong'ona. "Imba, nakuomba. Imba tu." Sabina akaimba, sauti inapasuka, macho hayamtoki mtu wa koti la njano.

Wimbo wa saba ukaisha.

Hatua. Walikuwa wamefika. Vidole vyeupe, vilivyokunjamana kwa maji, vikashika ubao wa jukwaa.

Seif aliangusha vijiti akakimbia.

Waage, Shimba alikumbuka. Kwa mdomo wako. Alisogea kwenye maiki. Akawaangalia wote wale, na mmoja wao akainua uso kumtazama, na pale palipopaswa kuwa na macho... Hapana. Hakuweza. Nani angeweza? Mwili wenyewe uligeuka. Akawapa mgongo, akakumbatia gitaa lake, akafumba macho na kupayuka:

"Asanteni kwa kuja! Onyesho limekwisha! Nendeni, kwaherini!"

Ubao wa jukwaa ulilia.

Kisha akasikia miguu iliyolowa. Inapita kulia kwake. Inapita kushoto. Baridi yao ilimgusa shingoni, mmoja baada ya mwingine, na alipofumbua macho aliona migongo. Ilikuwa inapanda taratibu kuelekea kijijini, huku kwa Mihayo umati ukipiga mayowe na kutawanyika. Alikuwa amegeuka. Tundu la gitaa lilikuwa linaangalia nyumba za watu.

Alimpigia simu mzee Machibya akamweleza waliokuja.

"Wakati wa kuita uligeukia wapi?" mzee aliuliza.

"Ziwani."

"Na kuaga?"

"Kijijini. Babu, niliogopa. Niligeuka."

"Ng'wanone, mwanangu... Zamani zetu zote hakuna aliyewahi kucheza ngoma kaelekea maji. Ndiyo maana sikukwambia. Nani angefikiri?" Alipumua kwa shida. "Waage tena. Usiku huu huu. Ukiwa umeelekea ziwa. Wakishazoea joto la nyumba hawaondoki peke yao."

Sabina alikuwa ameshatangulia mbio. Shimba alimfuata na gitaa mgongoni. Njia nzima mchanga ulikuwa na nyayo zilizolowa, na kila penye uchochoro nyayo kadhaa ziliingia. Alitegemea makelele. Alitegemea watu wanakimbia na watoto wao. Lakini nyumba zilikuwa zinawaka taa moja baada ya nyingine, na ndani yake alisikia viti vinavutwa, sufuria zinawekwa jikoni, na mwanamke mmoja anacheka huku analia. Hilo la kutosikia mayowe ndilo lililomtisha kuliko yote.

Mlango wao ulikuwa wazi.

Mama alikuwa anachochea mkaa. Kavaa kitenge chake cha kanisani. Sabina alikuwa amepiga magoti sakafuni, kichwa kakilaza kwenye paja la mtu aliyekaa kwenye kiti, mtu wa koti la njano, na maji yalikuwa yanatoka kwake tone, tone, tone, na kutuama chini ya kiti.

"Shusha sauti," mama alisema, ingawa Shimba hakuwa amesema kitu. "Baba yako amechoka. Nampashia maji ya kuoga."

Hakukohoa. Miaka miwili hakuwahi kumaliza sentensi bila kukohoa.

"Mama, huyo siyo..."

"Najua ni nani na najua yukoje. Nimelala na mume wangu miaka kumi na nane, unifundishe?"

Shimba alirudi kizingitini. Kutoka pale ziwa lilionekana chini, jeusi. Alilielekea, akashusha gitaa, akaweka kidole kilichochanika kwenye uzi. Nyuma yake kiti kililia. Kisha mkono wa mama ukapita begani kwake na kuzifunika nyuzi zote kwa kiganja, bila nguvu, namna unavyomnyamazisha mtoto.

"Piga," alisema. "Sikukatazi. Ila ukimuaga yeye, niage na mimi. Sitabaki tena kwenye nyumba hii kusubiri mtu."

"Mama, babu anasema hawaondoki peke yao. Atakuchukua. Utakufa."

"Na mwaloni nilikuwa naishi?"

Shimba alisimama na gitaa lake mpaka miguu ikafa ganzi. Akipiga, mama anaondoka usiku huu. Asipopiga... Aligeuza hesabu hiyo kila upande na kila upande ilimkata. Alilia kwa sauti, mvulana mkubwa yule, na hakuna aliyetoka nje kumuuliza. Hakupiga.

Asubuhi simu iliita. Bwana Alexander, sauti imekauka, alisema ahadi ni deni na hataki kuonekana mwongo. Wameshinda. Jumamosi wanaanza. Ila akaomba, kama si shida, wawe wanaangalia barabara.

Shimba aliingia ndani kumwambia mama kwamba ameipata kazi, kwamba hana haja tena ya kwenda kwenye dagaa. Mama hakuwa amekwenda. Alikuwa kwenye kiti cha pili, kando ya mumewe, wameshikana mikono, kitenge cha kanisani kimemganda mwilini. Alimtabasamia mwanawe. Na chini ya kiti chake pia maji yalikuwa yameanza kutuama.