Dobi Aliyeomba Aonyeshwe Adui

Majirani zangu, sogeeni mnisikilize, maana jambo hili limetokea mtaani kwetu na nimeliona kwa macho yangu, hata kama wapo watakaojifanya hawakuwepo.

Dobi na mkewe walikuwa wakiishi vizuri. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili za mkaa, jiko la kuongezea makaa, na mashuka meupe yamening'inia kila upande. Mume akifua uani, mke akipiga pasi ndani, na utani wao tuliusikia mpaka barabarani. Na dobi alikuwa mtu wa sala, asubuhi na jioni hakosi.

Kisha mke akaanza kuumwa kichwa. Akawa na kizunguzungu, kichefuchefu, miguu haina nguvu. Alimeza vidonge vya zahanati, wapi. Hapo dobi akaanza kutuangalia watu kwa jicho baya, hasa shemeji yake, dada wa mke, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Kwa nini anakuja kila siku? Kwa nini anaulizauliza hali ya mgonjwa? Dobi akapiga magoti. "Ee Mungu, nionyeshe adui anayemmaliza mke wangu."

Itazameni vizuri sala hiyo. Hakuomba aonyeshwe kinachomuumiza mkewe. Aliomba aletewe mtu.

Siku moja mke alikwenda kushinda kwa dada yake, akarudi anacheka. "Leo kichwa kimeniachia kabisa."

"Mbona unapona ukiwa kwake tu?"

"Sijui, baba watoto. Labda hewa."

"Hewa," dobi akaguna. "Aliyekufunga anakufungua kidogo ili usimshuku."

Akaja mwalimu kuchukua mashati yake. Hakukaa sana, akashika paji la uso. "Dobi, humu ndani kichwa kinanigonga. Fungua dirisha basi."

Dobi akamkodolea macho mpaka alipoondoka. "Huyo ametumwa," akamwambia mkewe. "Wanataka dirisha liwe wazi wapate kutuchungulia." Akachukua nyundo akapigilia misumari madirisha yote. Sisi alituambia anazuia vumbi lisichafue mashuka.

Shemeji naye akazuiwa mlangoni. "Usikanyage hapa tena."

"Nimekukosea nini, shemeji?"

"Unajijua."

Baada ya hapo hata yeye dobi kichwa kikaanza kumuuma, kila akiingia kumsaidia mkewe. Mtu mwingine angeshtuka. Yeye akasema sasa wamemgeukia na yeye, na akaona huo ndio ushahidi kamili.

Alasiri moja akafunga mlango kwa ndani, apate kusali bila kusumbuliwa huku mkewe anamalizia mashuka. Haya aliyasimulia mwenyewe. Mke akasema, "Baba watoto, siwezi kusimama."

"Vumilia kidogo. Nakaribia kuonyeshwa."

Mke akaanguka. Dobi akataka kuinuka, magoti yakakataa.

Sasa yule shemeji, tangu afukuzwe, alikuwa akipita barabarani kila alasiri ili asikie tu sauti ya mdogo wake. Siku hiyo hakusikia kitu. Aliita, akaita tena, akanigeukia mimi niliyekuwa nimekaa kibarazani kwangu. "Jirani, nisaidie." Tulivunja dirisha kwa mchi wangu, akapenya yeye, akafungua mlango, tukawaburuta wote wawili mpaka nje. Dobi alizinduka mapema. Mkewe alichelewa sana, nami nilishaanza kulia.

Tulipowafikisha zahanati, muuguzi aliuliza swali moja tu: "Mlikuwa mnawasha mkaa chumba kimefungwa?"

Mke alipona, lakini mkono wa kulia unatetemeka mpaka leo, hashiki pasi tena. Dobi alimfuata shemeji yake akiwa ameinamisha kichwa. "Nilimwomba Mungu anionyeshe adui."

"Akakuonyesha?"

"Kila siku. Mimi nilikuwa natafuta sura ya mtu."

FUNZO

Ndugu zangu, upofu wa roho si kukosa sala. Dobi alisali kuliko wengi wetu. Upofu ni kumwomba Mungu njia huku umeshampangia jibu, halafu kumshuku kila anayeleta jibu jingine. Mungu alisema naye kwa kichwa cha mkewe, kwa mdomo wa mwalimu, kwa mwili wake mwenyewe. Yeye alisubiri aonyeshwe mtu. Tujifunze kuangalia ya kawaida, na kabla ya kumnyooshea mtu kidole tuangalie kwanza tunachokifanya wenyewe. Na mkaa, jamani, usiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa.

Siku hizi dobi anapiga pasi uani. Sala yake naisikia, kwa kuwa hafungi tena mlango. Anasema, "Nionyeshe, hata kama ni mimi."