Mama Mkwe Hataki Kuinuka

Mambo yaliharibika Jumanne. Siku hiyo Chiriku alirudi kutoka shuleni, akapanga foleni ya maji mpaka jua likapoa, akapika, akaosha vyombo. Baba yake alimwita Chiriku kwa sababu ya maneno yake mengi, lakini jioni hiyo hata ulimi ulikuwa mzito.

Kazi moja ilikuwa imebaki. Asubuhi, kabla ya kwenda kufagia barabara za mji, baba alikuwa amemwagiza:

"Mwanangu, Mama Mkwe ameanza kuatamia, na jogoo hatuna. Mtoe kiotani, mweke ndani ya tenga juu ya matofali. Upepo ukimpiga kifuani, hamu itamwisha."

Mama Mkwe alikuwa mmoja wa kuku wachache waliofugwa nyuma ya nyumba, nao walikuwa wa marehemu mama. Jina lilimfaa, maana hakuna aliyemkaribia akaondoka salama. Chiriku aliponyoosha mkono, kuku alijitutumua, akamdonoa mpaka damu ikatoka.

"Basi kaa!" Chiriku akasema. Kisha akawaza: kama anataka watoto, kwa nini asipewe? Akamsukumia mayai ya siku hiyo chini ya kifua, akaenda zake.

Baba alirudi giza limeshaingia, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mama Mkwe umemweka kwenye tenga?"

"Nimeshamweka, baba."

"Ahsante, mama." Akalala na viatu miguuni.

Kesho yake baba hakuuliza tena, wala keshokutwa. Uongo ukishapokelewa hauhitaji kulishwa. Wiki zikapita. Chiriku alitega sikio kiotani kila jioni asisikie hata mlio mmoja. Kuku alikuwa haendi kula, na upanga wake wa kichwani ulikuwa umepauka. Mara nyingi Chiriku alitaka kusema, lakini kila alipomtazama baba yake amesinzia na tonge mkononi, alinyamaza.

Jumapili moja kitu kikapasuka bandani, *pwaa!* Harufu ikaenea uani. Jirani yao, fundi cherehani, akachungulia juu ya ua huku ameziba pua.

"Jamani, huko kwenu mnafuga kuku au fisi?"

Baba akaenda bandani. Alipomwinua Mama Mkwe, kuku hakudonoa mtu. Alikuwa mwepesi kama ufagio uliokwisha. Chini yake kulikuwa na mayai viza, moja limepasuka.

"Chiriku."

"Abee, baba." Machozi yalikuwa yameshamtangulia. "Sikumweka kwenye tenga. Nilichoka, akanidonoa. Nikadhani ataangua vifaranga."

"Vifaranga bila jogoo!" fundi akacheka. "Mwanangu, ulikuwa unasubiri muujiza!"

"Jogoo tulikuwa naye," baba akasema kwa uchungu. "Mwenyekiti wa mtaa akapiga marufuku majogoo, ati wanamkatiza usingizi. Sisi tunaamka kabla ya jogoo, yeye analala mpaka jua la utosi, halafu anayesumbuliwa ni yeye!" Akashusha pumzi. "Lakini mwenyekiti nina kesi yangu naye. Si yeye aliyeniambia 'nimeshamweka'."

Chiriku akainamisha kichwa. Baba hakumpiga, wala hakupaza sauti. Walimnywesha kuku maji kidogo kidogo, wakamweka kwenye tenga juu ya matofali, wakamwekea pumba. Mayai wakayafukia mbali. Siku mbili Mama Mkwe alijikunyata tu. Siku ya tatu alikula. Wiki ilipokwisha alimdonoa Chiriku kidoleni, na kwa mara ya kwanza Chiriku akafurahi kudonolewa.

Jioni hiyo baba alimkalisha kizingitini.

"Kuchoka si kosa, mwanangu. Mimi nachoka kila siku. Ungesema, 'Baba, nimeshindwa,' ningemtoa mwenyewe, hata kwa kutambaa. Lakini ukisema umefanya jambo ambalo hujalifanya, umewazuia wote ambao wangelifanya. Kazi inabaki pale pale, na hakuna anayeitafuta."

Akajifuta vumbi la shingoni.

"Mama yako alikaa kwenye benchi la hospitali kuanzia asubuhi. Kila niliyemwendea aliniambia, 'Tulia, mzee, daktari ameshaambiwa.' Nikatulia. Mimi niliyezoea kugombana na wakubwa, siku ile nikatulia. Daktari alipopita jioni, akashangaa. Hakuna aliyekuwa amemwambia."

Chiriku hakuwahi kuisikia habari hiyo. Akamshika baba mkono, ule mkono mgumu wa kushika ufagio.

"Baba, sitasema tena nimefanya kitu ambacho sijafanya."

"Najua, mama."

Kisha Chiriku akauliza, kwa sauti ndogo:

"Sasa baba, kwani ni nani aliyetakiwa kumwambia daktari?"