Dirisha la Ghorofa ya Nne

Maneno ya kwanza ambayo mwanamke yule alimwambia mwanamume yule yalikuwa ya kumfukuza. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, duka la uzi na vifungo limejaa mpaka nje, naye mwanamke alikuwa ameshika nyuzi mbili juu, ameziegemeza upande wa mlango apate kuona ipi ni nyeusi na ipi ni buluu iliyokolea. Mara mlango ukazibwa na mtu mrefu aliyevaa koti la kazi la rangi ya machungwa, zipu imekatika katikati.

"Kaka, naomba unipishe. Umekaa kwenye mwanga wangu."

Mwanamume akaomba radhi, akasogea upande uleule mwanga unakopita. Akaomba radhi tena, akasogea tena, na safari hii akaangusha kopo la vifungo. Wateja wakacheka. Yeye akapiga magoti na kuanza kuokota, na ndipo alipomwona vizuri yule aliyemfukuza: gauni jepesi la zambarau, utepe wa kupimia unaning'inia shingoni, pini tatu zimechomekwa kwenye ukosi. Alikuwa ameusahau utepe ule tangu alipotoka kazini jana yake, na akaingia nao garini mpaka nyumbani, lakini hilo hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mwanamume alikuwa amekuja kununua zipu. Mwenye duka akampa fupi. Mshonaji yule wa utepe akaiangalia mara moja tu, akasema haifai, akamchagulia nyingine, na kabla hajaulizwa akasema anaweza kuishona yeye mwenyewe. Chumba chake cha kazi kipo ghorofa ya nne, jengo la zamani lile, kando ya kiwanja kinachojengwa, penye winchi ndefu ya manjano.

"Winchi hiyo naijua," mwanamume akasema.

"Nani asiyeijua? Tunaishi nayo siku nzima."

"Mimi ndiye ninayeiendesha."

Mshonaji akamtazama kuanzia viatuni hadi utosini, na safari ilikuwa ndefu. "Basi ndiyo maana hujui kupisha watu. Umezoea kukaa peke yako."

Mwanamume akamwachia koti na namba ya simu. Kiwanjani wenzake walimwita Twiga. Mwanamke yeye hakuwa na jina la utani, mpaka Jumatatu saa saba mchana alipopiga simu kumwambia koti liko tayari, aje alichukue upesi maana chumba chake si ghala.

Twiga akamweleza kwamba hawezi. Kushuka kwenye mnara wa winchi ni dakika ishirini, kupanda ni zaidi, na saa ya chakula ni moja tu. Anayeendesha winchi hula hukohuko juu.

"Na haja je?"

"Dada, tumejuana juzi tu."

Akacheka, na yule wa juu akakisikia kicheko kikipita sikioni mwake mpaka kifuani. Akamwomba afungue dirisha. Alipofungua, aliona mkono mrefu wa winchi, ule uliokuwa umelala upande wa barabara, ukianza kuzunguka polepole, bila mzigo, ukapita mbele ya ghorofa yake kisha ukarudi ulikotoka. Huko juu, ndani ya kibanda cha vioo, kijitu kidogo kilikuwa kinapunga mkono.

"Umeniona, Sindano?"

"Sindano ni nani?"

"Wewe. Unachoma tangu Jumamosi, na bado nasikia."

Ndivyo mambo yalivyoanza, na yakaenda mbio. Sindano aliisogeza cherehani yake dirishani, akawaambia wenzake ni kwa sababu ya mwanga. Kila siku saa saba, ndoano ya winchi ikishatulia, simu iliita. Walikula wakitazamana, yeye chini, mwenzake juu, wakiulizana nani amepika nini na nani ameota nini. Sindano alimwona akipangusa jasho. Twiga alimwona akikata uzi kwa meno, akamkaripia kwamba atayamaliza.

Lakini kumwona mtu na kumgusa ni mambo mawili, na mji ule ulikuwa hodari wa kuyatenganisha. Ulikuwa unakua kwa pupa. Ulimpa Twiga kazi ambayo kwao asingeipata hata angezeeka akiitafuta, ukampa Sindano wateja wasiokwisha, kisha ukawapangishia vyumba kila mmoja pembe yake, masaa mawili na foleni kati ya mmoja na mwingine. Twiga akishuka jioni, Sindano alishaondoka kuwahi usafiri. Walikuwa na Jumapili tu. Jumapili walitembea barabarani wameshikana mikono wakiangalia maghorofa, na Twiga akimwonyesha yale aliyoyanyanyua yeye, ukuta kwa ukuta, kwa fahari ambayo Sindano aliipenda kuliko maghorofa yenyewe. Jioni wakaachana kituoni, na kila mmoja akakaa dirishani mwa gari lake akimtamani mwenzake kana kwamba wameachana mwaka.

Mwezi wa nne, shangazi yake Sindano akamwita. Alikuwa amefungua duka la mishono kwenye mtaa mpya, karibu na nyumbani, chumba kikubwa chenye madirisha pande mbili, na alitaka mtoto wa kaka yake akisimamie. Fundi yeyote angeruka kwa furaha. Sindano aliomba wiki moja, kisha akakataa.

"Nimemwambia shangazi hapana," alimwambia Twiga siku ileile, saa saba.

"Kwa nini?"

"Kule hakuna winchi."

Simu ikanyamaza. Sindano alidhani ni haya ya mwanamume aliyependwa, akatabasamu peke yake na kuendelea kula.

Haikuwa haya. Kibandani kwa Twiga, ubavuni mwa kiti, ilining'inia ramani ya mizigo, ile inayoonyesha kila kipande kinyanyuliwe lini na kiwekwe wapi. Upande wa jengo la zamani ramani ilionyesha ukuta mtupu, usio na dirisha hata moja, umbali wa hatua moja tu kutoka kwenye dirisha la mshonaji. Ukuta ule ungefika ghorofa ya nne na kuipita. Twiga alilijua hilo tangu siku ile ya koti. Alikuwa amejipa miadi ya kumwambia Jumapili, na Jumapili ilipofika Sindano alikuja amevaa gauni jipya la kijani alilojishonea, amefurahi, akasema hajawahi kuupenda mji huu kama anavyoupenda sasa. Mwanamume akameza maneno yake. Jumapili iliyofuata akameza tena.

Alichokifanya badala ya kusema ndicho ambacho mwendesha winchi pekee angeweza kukifanya. Alimwomba msimamizi waanze kuta za upande wa barabara, akisingizia upepo. Kisha akaomba wamalize za nyuma, akasingizia njia ya malori. Jengo likapanda pande tatu, upande wa Sindano ukabaki wazi, na mafundi wakaulizana kimya kimya kuna nini pale. Alijua anaiba wiki, si mwaka. Aliziiba hivyo hivyo.

Msimamizi ndiye aliyeyamwaga, na wala hakuwa na nia mbaya. Alipeleka suruali ikafupishwe, akakaa akisubiri, akaanza kumsifu kijana wake. Alimwambia mshonaji kwamba Twiga ni mtu wa pekee, maana anajua tangu mwanzo dirisha hili litazibwa, na ameng'ang'ana upande huu uwe wa mwisho. Sasa injinia amekuja, amekasirika, na ukuta unaanza Jumatatu.

Sindano akamaliza kushona suruali. Akapokea simu saa saba kama kawaida.

"Ulijua?"

Twiga akatazama chini, akamwona amesimama, hakukaa. Hakuuliza ajue nini. "Nilijua."

"Siku niliyokwambia nimemkatalia shangazi, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Niliogopa utaondoka, mpenzi."

"Ningeondoka, ndiyo. Ningeondoka na ningeendelea kukupenda. Ulichagua wewe peke yako, huko juu, mimi nikabaki hapa chini nashona kama mjinga."

Akakata simu, akavuta pazia.

Wiki zilizofuata Twiga alifanya kazi ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kuivumilia. Kwa mikono yake mwenyewe alinyanyua vipande vya ukuta, akavishusha taratibu kando ya jengo la zamani, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipiga simu kila siku saa saba, ikaita mpaka ikakatika. Pazia halikufunguka. Siku kipande cha ghorofa ya nne kilipokaa mahali pake, hakuona tena hata pazia, aliona bati la paa tu. Alimtamani mpaka chakula kikamshinda.

Na Sindano je? Alimkumbuka kwa hasira, halafu kwa uchungu, halafu bila hasira kabisa, na hapo ndipo palipouma. Saa saba ikifika mkono ulienda kwenye simu, akauzuia. Alifungua pazia siku moja akauona ukuta wa kijivu karibu kiasi cha kuugusa, akanyoosha mkono kweli akaugusa. Ulikuwa na vumbi bichi. Akafunga dirisha na kuwasha taa.

Taa haikumsaidia. Alishona majoho kumi na moja ya kwaya, meusi, akapinda mapindo yote kwa uzi wa buluu iliyokolea, na hakujua mpaka mama wa kwaya alipoyatoa nje juani. Katika miaka yote ya ufundi hakuwahi kukosea rangi. Akayafumua yote, akayarudia uani amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na jioni ile akampigia shangazi yake.

Shangazi hakumsuta. Alimwambia nafasi ipo, njoo, lakini usije kwa sababu ya kumkomoa mtu. Sindano akasema haji kumkomoa mtu, anakuja kutafuta mwanga. Shangazi akasema haya, ingawa sauti yake haikuamini hata kidogo.

Alhamisi, saa tatu na kitu asubuhi, alikuwa anafunga vitambaa kwenye maboksi alipogundua kwamba kuna kimya. Winchi ilikuwa imesimama. Nje ya jengo msimamizi alikuwa anafoka, akiuliza huyu ana wazimu gani leo. Sindano akashika ukingo wa meza. Mawazo yote mabaya yanayoweza kumpata mtu anayefanya kazi angani yakampitia kwa pamoja, akaelekea mlangoni, na mlango ukagongwa.

Alikuwa Twiga. Amelowa jasho, anahema, koti la machungwa liko wazi, zipu aliyomshonea haijafungwa.

"Kumetokea nini?" Sindano akauliza. "Mtu ameumia?"

"Hakuna aliyeumia. Nimepigiwa simu saa tatu. Kampuni inanipeleka mji mwingine, kuna jengo refu kuliko hili. Mwaka mzima. Naondoka Jumatatu."

Sindano akatazama saa ya ukutani. Saa tatu na dakika thelathini na mbili. Akatoa dakika ishirini za kushuka, akatoa za kuvuka kiwanja na za kupanda ngazi ghorofa nne. Hakupata dakika iliyobaki.

"Ungenipigia simu."

"Hupokei."

"Ungesubiri jioni basi. Watakufukuza kazi."

"Jioni ingekuwa kesho, na kesho ingekuwa Jumapili. Najijua, Sindano. Nimejijua kwa uchungu."

Akainamisha kichwa. Mshonaji akaona mikono yake imechubuka kwa zile ngazi za mnara, akataka kuishika, hakuishika.

"Nami nahama," akamwambia. "Jumamosi. Naenda kwa shangazi."

"Vizuri. Kule kuna mwanga." Akafuta jasho kwa mkono wa koti. "Nilitaka kukuoa kwa habari njema, sasa ninayo hii tu. Sitakuwepo mwaka mzima, utakuwa unachoka peke yako, utaumwa nisikuone. Nikikuomba hivi hivi, utanikubali?"

Msimamizi akaita kutoka chini, mara mbili, kwa jina lile la utani na mengine yasiyoandikika. Twiga hakugeuka. Sindano alikuwa analia waziwazi sasa, na hakufuta machozi, maana alikuwa ameshachoka kuficha vitu.

"Nisikilize. Ukifika huko, kila siku saa saba utanipigia. Na kabla hujaniambia unanipenda, utaniambia kwanza lile ambalo hutaki kuniambia."

"Nitakwambia."

"Anza sasa."

Twiga akafikiri. "Naogopa utanichoka kabla mwaka haujaisha."

"Mimi naogopa utapata dirisha jingine la kutazama."

"Silitaki."

"Najua. Lakini naogopa." Ndipo akamshika mikono, yote miwili, akaibana. "Nakubali. Nenda umwone shangazi kesho, ujieleze mwenyewe. Mimi sitakusaidia hata neno moja. Sasa panda, watu wanakungoja."

Akamfunga zipu ya koti mpaka shingoni, kama anavyofungwa mtoto anayetoka kwenda kwenye baridi, akamsukuma mlangoni. Alisikiliza viatu vyake vikishuka ghorofa moja baada ya nyingine hadi vikapotea. Hakurudi kwenye maboksi. Akafungua dirisha, akakaa mbele ya ule ukuta, na akasubiri zaidi ya nusu saa, mpaka aliposikia winchi ikianza kuzunguka.