Cheti cha Kazi Si Hisani ya Mzee Nyamai

Kila asubuhi Nthenya alikuwa wa kwanza kufika katika hoteli ya Mzee Nyamai pale Malili. Aliwasha moto, akachemsha chai, kisha akakanda unga. Madereva wa malori walisimama hapo kwa ajili ya chapati zake.

Baadaye mume wake, Muthama, alipata shamba la kukodi Nunguni, wakaamua kuhama. Nthenya alimpa mzee notisi ya mwezi mmoja. Alifanya kazi hadi siku ya mwisho, akaacha sufuria zikiwa safi.

Huko Nunguni shule moja ya bweni ilitafuta mpishi. Matroni alionja maharagwe ya Nthenya, akaridhika. Alitaka kitu kimoja tu: karatasi kutoka kwa mwajiri wake wa zamani, ya kuonyesha kwamba alifanya kazi huko. Nafasi ingemngojea hadi shule zifunguliwe, basi.

Nthenya akarudi Malili. Mzee Nyamai ni mzee wa kanisa, na husoma zaburi kwa sauti tamu. Siku hiyo alimsikiliza huku akichokoa meno.

"Mimi sikukufukuza," akasema. "Ulienda mwenyewe. Nilikutoa kwenu Ikutha hujui hata kuwasha gesi. Sasa hii ndiyo shukrani?"

Halafu akalainika. Jumamosi ilikuwa sherehe ya ntheo ya binti yake, na wakwe wangeleta mbuzi wa posa kutoka mbali. Nthenya aje awapikie wageni. Mambo ya barua wangezungumza baadaye.

Pale Malili hilo si jambo geni. Anayetaka barua huenda kumlimia mwajiri wake wa zamani, au kumfulia, na watu huita hiyo heshima. Heshima gani hiyo? Ni kumkamua mtu ambaye umeshamkamua. Lakini Nthenya hakujua njia nyingine, na Muthama alimkumbusha kwamba mkono mtupu haulambwi. Basi akaenda. Alikatakata nyama, akapika pilau, akaosha vyombo hadi mgongo ukakataa. Wageni walikula, wakasifu. Jioni mzee alijipangusa mdomo, akamwambia arudi wiki ijayo. Tena aje mapema, kwa sababu stoo ilihitaji kufagiliwa.

Nthenya alirudi Nunguni akiwa na machozi ya hasira. Jirani yake Waruguru, ambaye watu humwita Mama Gathua, alimkuta akipasua kuni kwa nguvu kama anayepigana nazo. Waruguru alikuwa ofisa wa leba, idara ya serikali inayosimamia mambo ya wafanyakazi, kabla ya kustaafu na kufungua duka. Alisikiliza yote, uso ukambadilika.

"Umepikia ntheo nzima sababu ya barua?"

"Ningefanya nini, Mama Gathua? Barua ni yake. Akikataa, amekataa."

"Hapana. Hapo ndipo wanapotushikia. Sikiza vizuri. Kuna barua ya kukusifu, kwamba wewe ni mwaminifu na una bidii. Hiyo mwajiri anaweza kuandika au akatae. Sheria haimlazimishi. Lakini kuna cheti cha utumishi. Hicho ni lazima."

Akamweleza pole pole. Cheti hicho hutaja jina la mwajiri, jina la mfanyakazi, kazi aliyofanya na mahali alipoifanyia, siku aliyoanza na siku aliyoacha. Sheria ya Ajira inasema apewe kila mfanyakazi anayeacha kazi, mradi amefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi. Apewe hata kama alifukuzwa. Apewe hata kama hakuandikiwa mkataba. Mwajiri anayekataa makusudi ana kosa, na anaweza kupigwa faini au kufungwa.

"Hata kama ana hasira na mimi?" Nthenya akauliza.

"Cheti hakiulizi kama anakupenda."

Nthenya akaweka shoka chini. Maumivu ya mgongo aliyasahau. Kilichomuuma sasa ni wale watu wote wa Malili walionunua kwa jasho kitu ambacho tayari kilikuwa chao.

"Kumbe anakula ujinga wetu," akasema.

Waruguru hakumwandikia, alimwelekeza tu. Nthenya akaomba cheti kwa maandishi yake mwenyewe, akataja siku alizoanza na kuacha kazi. Akaipiga picha barua hiyo kwa simu, abaki na nakala. Muthama akafuatana naye awe shahidi.

Mzee Nyamai alisoma, akacheka.

"Nani amekufundisha haya maneno?"

"Ni sheria, mzee. Nimekuja kwa heshima. Lakini nikitoka hapa bila cheti, naenda Wote, kwa ofisi ya leba. Huko kushtaki ni bure."

Kicheko kikaisha. Jikoni, visu viliacha kukata vitunguu. Mzee alitazama huku na huku, akavuta karatasi, akaandika mistari michache na kupiga muhuri. Ilikuwa kazi ndogo tu, na kwayo alikuwa amemzungusha mtu mzima kama mtoto. Akaisukuma karatasi juu ya meza.

"Hata asante husemi?"

Nthenya alisoma kila neno kwanza. Jina lilikuwa sawa, kazi ilikuwa sawa, siku zilikuwa sawa. Akaikunja.

"Asante ni ya kitu cha kupewa, mzee. Hiki ni changu."

Shule zilipofunguliwa, uji wa kwanza ulipikwa na Nthenya. Na kule Malili, mfanyakazi mwingine alipoacha kazi, Mzee Nyamai hakungoja kuombwa. Alimwandikia cheti siku hiyo hiyo.