Ganda Lililokosa Baruti

Kila Jumamosi asubuhi, vyombo vikishaoshwa na meza kufutwa, Embla aliteremka na bibi yake kwenye chumba cha chini ya nyumba kutengeneza risasi. Kijijini Nordlia, huko Norwe, hilo halikuwa jambo la kushangaza. Nusu ya kijiji waliwinda elgi, yule mnyama wa pembe pana anayemzidi farasi kwa kimo, na wawindaji wengi hawakutupa maganda ya risasi walizokwisha kupiga. Waliyasafisha, wakayatia fataki mpya, kile kidude kidogo kinachowasha baruti, na baruti mpya, kisha wakashindilia kichwa kipya cha risasi juu yake. Nyama ya elgi mmoja hulisha nyumba nzima majira yote ya baridi, kwa hiyo hakuna aliyeifanyia kazi hiyo mzaha.

Bibi Gudrun ndiye aliyewafundisha wengi wa wawindaji hao. Embla, mwenye miaka kumi na mitatu, alianza kujifunza kwake wakati theluji ilipoyeyuka. Kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa fundi tayari. Ukweli ni kwamba miezi miwili ya kwanza hakufanya lolote ila kusugua maganda.

"Bibi, nitamimina baruti lini?" aliuliza kila wiki.

"Siku utakayoacha kuniuliza."

Jirani yao, Mzee Halvard, hakukosa siku hizo. Alikuja na kikombe chake cha kahawa, akakaa juu ya kreti na kuanza uchokozi.

"Gudrun, mwanafunzi wako huyu ana mikono ya kukamulia mbuzi!"

"Na wewe Mzee una masikio ya mbao," Embla alijibu.

"Ati nini?" aliuliza Mzee Halvard, akiweka kiganja sikioni, na wote watatu wakaangua kicheko.

Mwaka huo Mzee Halvard alitimiza miaka sabini na minane. Magoti yalimsumbua, na alikwisha kuwaambia watu wote kwamba vuli hii angewinda kwa mara ya mwisho, kisha aitundike bunduki. Vidole vyake havikuweza tena kushika fataki ndogo, kwa hiyo alimwomba Bibi Gudrun amtengenezee risasi ishirini. Bibi akampa Embla kazi ya kumimina baruti. Embla alifurahi nusura aruke.

"Sikiliza vizuri," Bibi alisema. Maganda ishirini yalisimama wima katika kibao chenye matundu, midomo yake juu. "Unapima, unamimina, unakwenda kwenye linalofuata. Simu haikai mezani. Ukiinuka katikati, unamwaga yote na kuanza tena la kwanza. Ukimaliza, kabla hujafunika hata moja, unachukua tochi na kumulika ndani ya kila ganda, uone baruti imesimama sawasawa."

"Kwa nini nimulike, Bibi, na nimemimina kwa mikono yangu mwenyewe?"

"Kwa sababu mimi nimekwambia umulike."

Bibi alipanda juu kukoroga supu. Embla alimimina taratibu, ulimi umetoka kidogo kwa umakini. Alipofika katikati, simu ililia mfukoni mwake. Ilikuwa rafiki yake Vilde, na Vilde alikuwa na habari ambayo haikuweza kusubiri. Embla aliinuka, akasimama kwenye ngazi, akacheka, akajibu, akacheka tena. Aliporudi mezani alijiuliza: je, alikuwa amefika la tisa au la kumi? Alichungulia. Ndani ya maganda kulikuwa na giza tupu.

Alijua la kufanya. Amwage yote, aanze upya. Lakini harufu ya supu ilikwisha kushuka ngazi, na huko juu Mzee Halvard alisikika akivuta kiti. Embla akakisia tu, akaendelea kuanzia la kumi na moja. Alipomaliza, aliitazama tochi iliyokuwa rafuni. Kisha akashindilia vichwa vya risasi, kimoja baada ya kingine, hadi cha ishirini.

"Umemulika?" Bibi aliuliza aliposhuka.

"Ndiyo."

"Yote ishirini?"

"Yote, Bibi."

Bibi alichukua kalamu, akaandika jina lake mwenyewe kwenye boksi, maana ndiye mwenye meza. Risasi isiyokuwa na jina la mtu haikutoka katika chumba kile.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa siku ya mtihani wa kulenga shabaha, ambao kila mwindaji huufanya kabla ya msimu kufunguliwa. Embla alikwenda na bibi yake kiwanjani. Mzee Halvard alivaa miwani na vikinga-masikio, akalala kifudifudi mahali pake. Alipiga ya kwanza, akapata. Ya pili, akapata. Embla alijiona mkubwa, kana kwamba ndiye aliyelenga.

Risasi ya tatu haikulia kama zile mbili. Bunduki ilikohoa tu, pwu, na bega la mzee halikusukumwa nyuma hata kidogo. Wakati huohuo mpigaji wa pembeni alifyatua yake, na mlio wake ukafunika kila kitu. Mzee Halvard alikunja uso, akatoa ganda, akaingiza risasi nyingine.

Embla alikuwa hatua nne nyuma yake, na alielewa papo hapo. Ganda moja halikuwa na baruti. Fataki peke yake ilikuwa imesukuma kichwa cha risasi hadi ndani ya mtutu, kikakwama humo, na risasi ya nyuma yake isingekuwa na pa kupitia. Angepaza sauti, "Acha!" Lakini wangemuuliza amejuaje. Alisita kwa muda wa pumzi moja, na pumzi hiyo moja ilitosha.

Mzee alifyatua, na mlipuko ulikuwa mbaya. Mtutu ulivimba na kupasuka, mbao ya bunduki ikatawanyika vipande. Mzee Halvard aligeuka na kukaa, miwani imeingia moshi, damu ikichuruzika kutoka kwenye kiganja cha kushoto. Miwani ile ndiyo iliyookoa macho yake.

"Risasi hizi kazijaza nani?" aliuliza Bwana Steinar, msimamizi wa kiwanja, akiwa tayari anamfunga mzee bendeji.

"Jina liko kwenye boksi," alisema Bibi Gudrun. "Ni mimi."

Watu walitazamana. Mtu mmoja alinong'ona, "Gudrun naye umri umemfika." Hakunong'ona polepole vya kutosha. Embla alitazama viatu vyake.

Kesho yake, Embla aliporudi kutoka shule, Bibi alikuwa amekwisha kuzifungua risasi zilizobaki. Kila moja ilikuwa na baruti ya kutosha.

"Embla, siku ile ulimulika kweli?"

"Nilimulika, Bibi," Embla alijibu. Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza, na hilo lilimtisha.

"Basi ganda halikuwa tupu," Bibi alisema. "Ni baruti. Imeingia unyevu ikakataa kuwaka. Nimeihifadhi vibaya mimi."

Alikaa sebuleni, akachukua simu. Kopo lile lile la baruti lilikuwa limewajazia risasi wawindaji saba, na msimu ulibakiza siku nane kufunguliwa. Embla alikaa kwenye ngazi za ghorofani akisikiliza.

"Mimi Gudrun. Zile risasi nilizokujazia, usizipige. Ndiyo, zote. Ndiyo, najua muda umekwisha. Nisamehe." Akakata, akapiga tena. "Mimi Gudrun. Nisamehe sana. Hapana, sitajaza nyingine. Nadhani nimefika mwisho wa kazi hii."

Alipoanza kumpigia wa nne, sauti yake ilikuwa imekauka. Embla hakustahimili. Alishuka mbio, akamshika mkono.

"Bibi, kata simu! Baruti haina kosa. Niliinuka katikati, nikaenda kuongea na Vilde. Nikasahau nilipofika. Na sikumulika. Sikumulika hata moja!" Alilia hadi akakosa pumzi. "Na kiwanjani nilijua. Niliisikia bunduki ikikohoa, nikaona haya kupiga kelele."

Bibi hakumfokea. Alimtazama, na kwa Embla macho yale yalikuwa mazito kuliko kofi.

"Vaa koti," alisema.

Mzee Halvard aliwapokea jikoni kwake, mkono umefungwa hadi kwenye kifundo. Daktari alikuwa amemshona mishipa miwili, na alimpa wiki sita za kutoshika chochote. Embla alisimama mbele yake akasema yote tena, kwa sauti kubwa ili yasikike, na kila neno lilimuuma mara ya pili. Mzee alisukuma mkate wake wa jibini pembeni.

"Mimi pia nilikosea," alisema. "Bunduki imekohoa, nami nikaidharau. Miaka hamsini na tano nawafundisha watu wasimame papo hapo, wachungulie mtutu. Kwa hilo najilaumu mwenyewe."

"Nisamehe, Mzee."

"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Lakini sikia. Kusahau ulipofika si dhambi. Bibi yako amesahau, mimi nimesahau, hata huyo Steinar anayejifanya malaika. Tukimwaga baruti na kuanza tena, hasara yake ni nusu saa. Lakini risasi ikishafungwa, hakuna macho yanayoona ndani yake. Tunakuuliza wewe, 'Umemulika?' Jibu lako ndilo tunaloliweka begani na kulifyatua karibu na nyuso zetu. Mkweli anayekosea nitapiga risasi zake kesho. Hodari asiyesema kweli, sitazigusa."

Bibi Gudrun aliweka simu mezani mbele ya Embla. "Watu watatu wanaamini baruti yangu ni mbovu," alisema. "Waambie wewe."

Embla alipiga simu tatu. Alisema jina lake mwanzoni mwa kila simu na hakupunguza neno. Wa kwanza alimkaripia. Wa pili alimshukuru. Wa tatu alimwomba kuongea na Bibi, akamtaka radhi kwa yale aliyonong'ona kiwanjani.

Baada ya hapo Bibi hakuacha kazi yake, na Embla alirudishwa kusugua maganda. Hakunung'unika. Siku msimu ulipofunguliwa, wawindaji walipita mbele ya nyumba wakiwa na mbwa wao, wakapunga mikono. Mzee Halvard aliwapungia kutoka dirishani kwa mkono wake mzima. Embla alikuwa kando yake, amekuja kumpasulia kuni. Alitaka kusema kitu cha kumfariji.

"Mwakani, Mzee," alijaribu.

Mzee Halvard aliyapapasa magoti yake na kutabasamu kidogo. "Hapana, mwanangu," alisema kwa upole. "Ilikuwa mwaka huu."