Mama wa Kwenye Matuta ya Waridi

Mwaka ule wa kilimo cha kufa na kupona, kila kiwanja kilipoamriwa kulimwa, Hamida alikuwa mgeni Lushoto. Mumewe, mwalimu Salimu, alikuwa amehamishwa kutoka Tanga, naye akamfuata na mtoto wao mchanga, Idd. Mji hakuujua. Siku moja jirani yake Dina, mzaliwa wa Vuga, akamwambia, "Mama Idd, utaota ukungu humo ndani. Twende nikutembeze."

Wakapita sokoni wakanunua mapea. Wakaona kanisa la Walutheri, wakapanda mpaka kwenye boma la Wajerumani. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mlima walipoingia kwenye bustani ya zamani, yenye mikaratusi mirefu na ngazi za mawe. Nusu ya mawaridi yalikuwa yameng'olewa ili mahindi yapandwe.

"Wachimbaji walifukua mifupa hapa juzi," Dina alisema. "Wakasema ya mbwa."

Akamwacha Hamida kwenye benchi, akavuka barabara kununua kiberiti.

Ukungu ukashuka. Ndege wakanyamaza kwa pamoja. Hamida akamfungua Idd mgongoni ampakate, na hapo ndipo alipohisi harufu... harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

Mwanamke alikuwa ameketi kando yake.

Mtu mzima, kajifunga kaniki. Hamida hakusikia nyayo.

"Shikamoo, mama."

Yule mwanamke alikuwa akimtazama mtoto.

"Umechoka," alisema taratibu. "Nipe nimpakate."

Hamida hakutaka. Hata baadaye aliapa kwamba hakutaka. Lakini mikono yake ilimnyanyua mtoto, ikampa.

Mwanamke akainamisha uso, akamnusa Idd utosini. Akavuta pumzi ndefu... hakuitoa.

"Mwanangu walimlaza hapa," alinong'ona. "Wakaja kupanda maua juu yake. Sasa wamemtoa. Wamempeleka wapi?"

Hamida alitaka kupiga kelele, asiweze.

Dina akatokea kwenye ngazi. Akasimama. Hakukimbia wala hakuuliza huyu ni nani. Alivua khanga yake ya mabegani, akasogea hatua kwa hatua huku akisema Kishambaa kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Kisha akatandaza khanga mapajani mwa yule mwanamke.

Mwanamke akaachia mkono mmoja, aishike nguo.

Dina akamnyakua mtoto.

"Usigeuke nyuma," alimwambia Hamida.

Walishuka mpaka barabarani. Idd hakulia. Alikuwa wa baridi, macho wazi.

"Ulimwambia nini?" Hamida aliuliza walipofika mlangoni.

"Nilimwambia wake ni huyo niliyemfunika kwa khanga. Huyu ana mama yake." Dina alijipangusa mikono kwenye gauni. "Sijui kama aliniamini."

Asubuhi, wachimbaji waliikuta khanga ya Dina ndani ya tuta ambalo jembe lilikuwa bado halijaligusa. Ilikuwa imekunjwa vizuri, kama nguo ya kumvika mtoto. Hakuna aliyetaka kuchimba tena, na mahindi hayakupandwa pale. Wazee wawili walikuja kusoma dua zao, mchungaji naye akaja kuomba. Mifupa haikujulikana ilikotupwa.

Salimu aliposimuliwa alisema ni ukungu na uchovu. Akampeleka mtoto kliniki, akaambiwa ni mzima, ananyonya, anaongezeka. Na kweli alikuwa mzima.

Ila kila magharibi, taa ikishawashwa, Idd huacha kunyonya. Hugeuza uso kuelekea mlangoni na kucheka kidogo. Kisha hunyoosha mikono yote miwili juu, kama mtoto anayemwona mtu ameinama kumpokea.

Hamida humkumbatia kwa nguvu, akafumba macho, mpaka mikono ile ishuke.