Toleo la Zamani Halifutwi

Ghorofa ya mafundi wa kompyuta ilifurika watu asubuhi hiyo, kila mmoja kapakata mashine yake kama mtoto anayepelekwa kliniki. Binti mwenye gauni la manjano alijipenyeza mpaka mbele. Gauni lilikuwa na mifuko minne mipana, kazi ya mama yake fundi cherehani. Yeye mwenyewe alikuwa mwandishi wa programu, na kibodi ya laptopu yake ilikuwa imekata roho.

Aliyempokea aliitwa Bisibisi na wenzake, kwa sababu ya safu ya bisibisi iliyojaa mfuko wa shati lake la buluu. Alibadilisha kibodi, akawasha mashine kuijaribu, akacheka.

"Dada, humu una matoleo matatu ya lugha moja ya programu. La zamani, la kati na jipya. Yote ya nini?"

"Wewe una mashati mangapi?"

"Manne."

"Nenda kachome matatu."

Foleni nzima iliangua kicheko. Bisibisi aliona aibu, lakini hakukubali yaishe.

"Hili la zamani hata waliolitengeneza wameshalitelekeza."

"Mimi sijalitelekeza. Inatosha."

"Basi nipe namba yako, niulizie hali ya kibodi."

Binti alimtazama juu mpaka chini. Vidole safi, macho ya utani. Akampa.

Miezi minne baadaye kibodi ilikuwa bado inaulizwa hali kila siku mchana.

"Kibodi hajambo?"

"Hajambo, ila mwenye kibodi ana njaa."

"Mwambie nakuja, mpenzi."

Binti alikuwa anampenda, tena sana, na hakuwa na sababu ya kujidanganya. Tangu utotoni kila mtu alijua kinachomfaa kuliko yeye. Alipokuwa na miaka kumi na saba mwalimu wake alimwambia mikono yake ni ya sindano, aachane na kompyuta. Mwaka huohuo, kwa hasira, akaandika programu yake ya kwanza: ya kutunza vipimo vya wateja wa mama. Ilikuwa nzito, ya kizamani, ina kibonyezo kimoja chekundu kikubwa kwenye kioo, cha kuifungua na cha kuhifadhi vipimo. Lakini mama aliijua kama anavyoijua cherehani yake, na ilikubali kufanya kazi kwenye toleo la zamani tu. Matoleo yaliyofuata yalibadilisha kanuni, yakaikataa. La kati lilikuwa la mteja mmoja king'ang'anizi, na jipya la kazi nyingine zote. Laptopu ilikaa kwenye kona ya duka la mama, ikiwahudumia wote wawili. Wenzake walimchosha kwa kumwambia aiandike upya ile takataka.

"Nitaiandika siku nitakayotaka mimi," aliwajibu.

Ijumaa moja Bisibisi aliichukua laptopu kuisafisha vumbi. Jumamosi asubuhi na mapema akairudisha kwa mama, inang'aa, akaondoka kwenda kazini anapiga mluzi.

Saa tatu wanakwaya thelathini walifika kupimwa majoho yao kwa mara ya mwisho. Mama, utepe shingoni, akabonyeza chekundu. Kimya. Akabonyeza tena.

"Mwanangu, hii kitu imenigomea!"

Binti alitazama, damu ikampanda kichwani. Akapiga simu.

"Umefanya nini kwenye mashine yangu?"

"Umeona ilivyokuwa nyepesi, mpenzi? Nimeyatoa yale mazee mawili. Nilitaka nikufurahishe."

"Nani alikutuma?"

"Si nilidhani..."

"Na wewe umenidhania! Ulikuwa na mdomo, ungeuliza!"

Akakata. Simu ikaita mara sita, hakuipokea. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja, maana kwaya ilikuwa imesimama mlangoni.

Matoleo yote alikuwa ameyahifadhi kwenye flashi mfukoni mwa gauni. Kwa haraka akaliweka la zamani juu ya jipya. Kibonyezo kikafufuka, kazi za wateja zikafa. Akashusha pumzi, akaanza upya. Kila toleo akalipa folda yake, na ndani ya kila kazi akaandika mstari mmoja wa kusema inataka toleo lipi. Saa tano mama alikuwa anabonyeza chekundu na kumkemea mwimba besi asivute tumbo ndani.

Hapo Bisibisi akaingia anahema, diski mkononi, shati limelowa jasho.

"Nilinakili kila kitu kabla ya kufuta. Ndivyo ninavyofanya siku zote. Nilipiga nikwambie..."

"Nimeshatengeneza."

Akaiangalia diski, akaiangalia mashine. "Nilikosa. Si kwa kufuta tu. Nilikuamulia, na mashine ni yako."

"Ni yangu. Na mambo yangu ya zamani hayafutwi, hata yakiwa mabaya. Anayenitaka atanikuta nayo."

"Nakutaka nayo."

Wanakwaya walikuwa wameacha kujifanya hawasikii. Binti akamshika mkono, akamsimamisha mbele ya mama yake.

"Mama, mpime huyu suti."

Mama hakuuliza. Mabega, kifua, kiuno. Tarakimu zikaingia moja moja. Kisha programu ikataka kujua jambo la mwisho, kama inavyowauliza wateja wote.

"Suti ya shughuli gani?" mama akasoma.

"Andika harusi."

Bisibisi akaruka. "Harusi ya nani? Mbona sijaulizwa?"

"Umeona inavyouma?"

Alicheka mpaka akainama. "Nimeona, mpenzi. Haya, niulize."

Akamuuliza. Alipojibu, mama alibonyeza chekundu.